Mrija wangu wa ozoni ulifanya kazi Februari, masika umekufa. Tatizo ni umeme au ni hewa?

BintiMicheweni

Assalaam alaykum.

Mimi ni fundi wa maabara katika chuo kimoja hapa Unguja. Mchana nawatayarishia wanafunzi vifaa vya majaribio. Jioni, kwa ruhusa ya mkuu wangu, nashughulika na kitu changu mwenyewe: mrija wa kutengenezea ozoni, gesi inayoua vijidudu ndani ya maji. Nimeuanza kwa ajili ya kisima cha bibi yangu, Micheweni, kule Pemba. Kwetu ni maweni, kisima kimechimbwa kwenye jiwe, maji yana chumvichumvi kidogo, na choo cha jirani hakiko mbali. Mwaka juzi wajukuu wawili wa nyumba ile waliharisha mpaka wakalazwa na kutundikiwa dripu. Mmoja alikuwa hajatimiza miaka 2. Nilikesha naye nikiyahesabu matone, na wiki ile ile nikaanza kusoma namna maji yanavyosafishwa.

Nikakuta kwamba Werner von Siemens alitengeneza mrija wa namna hii mwaka 1857, na mji wa Nice kule Ufaransa ulianza kusafisha maji yake kwa ozoni mwaka 1906. Nikasema, kama waliweza zama zile, bila ya transista hata moja, na mimi nitajaribu.

Wangu uko hivi. Ndani kuna bomba la chuma kisichoshika kutu. Nje kuna mrija wa kioo cha maabara, unene wake milimita 1.5, na baina ya kioo na bomba kuna mwanya wa milimita 1.5. Juu ya kioo nimezungushia karatasi ya alumini, hiyo nimeiunga na waya wa ardhi. Bomba la ndani linapokea umeme kutoka transfoma ya bango la neoni, kilovolti 10, miliampia 30, niliyoinunua kwa mtu aliyekuwa akibomoa bango la duka Darajani. Hewa inasukumwa na pampu ya tangi la samaki, lita 2 kwa dakika. Inapita kwenye mwanya, inaingia kwenye mpira, inatokea kwenye chupa ya maji yenye iodidi ya potasiamu, chumvi inayobadilika ikikutana na ozoni. Nikizima taa, mwanya wote unawaka zambarau, nyuzi nyembamba za mwanga zimesimama karibu karibu kama meno ya kitana.

Kupima, napitisha hewa ile dakika 10, natia matone ya uji mwepesi wa wanga wa muhogo, maji yanageuka buluu iliyokoza, halafu nadondosha thiosalfeti (dawa ya kuiondoa buluu hiyo) ya nguvu ya normali 0.01 mpaka buluu iondoke; mililita zikiwa nyingi, ozoni ni nyingi. Februari nilikuwa natumia mililita 24. Nilirudia mara nane, haikushuka chini ya 22. Sasa hivi, Aprili, na mvua hizi, napata 7. Jana nimepata 6 na nusu. Sijabadilisha transfoma, sijagusa kioo, pampu ni ile ile.

Mambo mengine niliyoyaona, labda yatasaidia. Kiyoyozi cha maabara kimekufa tangu mwisho wa Machi, kwa hiyo tunafungua madirisha, na sisi tuko hatua chache tu na bahari. Kiungo cha shaba nyekundu kwenye mdomo wa kutokea hewa kimefanya utando wa kijani. Mpira nao umepasukapasuka kama kisigino, na haujamaliza hata miezi mitano.

Nadhani ni joto, kwa kuwa nimesoma kwamba ozoni huvunjika ikipata joto. Au transfoma imechoka? Na ikitengenemaa, naweza kuipeleka Micheweni kama ilivyo?

---

FundiMashine_Mkoani

Waalaykum salaam dada yangu. Mimi sijasoma ozoni, natengeneza mashine za boti hapa Mkoani mwaka wa 19 huu. Lakini hayo unayoyaeleza nayajua kwa njia yangu.

Usikimbilie transfoma. Kwangu huja mvuvi na mashine yake, ameshanunua koili mpya kwa sababu mtu kamwambia koili imekufa. Naitoa plagi, naiegemeza kwenye bloku, navuta kamba, cheche inapiga vizuri, buluu. Naifunga ndani, haiwaki. Kwa nini? Kwa sababu ndani hewa imebanwa, na hewa iliyobanwa ni ngumu kupasuliwa na umeme. Inataka volti nyingi zaidi. Na umeme ukikuta kazi ngumu mbele hutafuta pa kupita penye wepesi. Unatambaa juu ya kaure ya plagi, kwenye uchafu na chumvi, unaingia kwenye bodi. Volti unazo, ila haziendi unakotaka wewe.

Ukitaka kuuona, ngoja usiku wa giza, fungua kofia ya mashine iliyolala baharini wiki nzima, iwashe. Utaona ubuluu unatembea juu ya waya wa plagi kama kitu chenye roho. Ukifuta kwa kitambaa kikavu na spiriti, unakwisha.

Sasa mrija wako uko karibu na bahari, madirisha wazi, masika. Angalia ncha mbili za kioo, pale karatasi ya alumini inapoishia na bomba linapotokeza. Zima taa, tulia dakika tano macho yazoee giza, kisha washa. Ukiona mwanga unatambaa kwenye ncha, huo ni umeme unaopotea. Pangusa kioo kwa spiriti, ndani na nje, kikaushe, na rudisha nyuma ile karatasi, uwache kioo kitupu kama sentimita 4 kila upande.

Na jambo moja kwa heshima zote. Umeme huo usiushike ukiwa peke yako chumbani.

---

BintiMicheweni

Ahsante sana fundi. Nimefanya hivyo jana usiku, na mwenzangu wa maabara alikuwepo. Ni kweli kabisa. Ncha ya upande wa dirishani ilikuwa inatambaa, na nilipoipangusa kitambaa kilitoka na unga mweupe, nadhani ni chumvi. Nimerudisha karatasi nyuma sentimita 4.

Imepanda kutoka 7 hadi 11. Mwanga uko sawa mrija mzima. Lakini bado si 24.

---

MaalimBububu

Mwanangu, na wewe fundi, nimeusoma mjadala huu mara mbili kabla ya kuandika, kwa furaha. Nilifundisha fizikia katika skuli zetu miaka 31, na kabla ya hapo, katika miaka ya 1980, nilipelekwa kusoma Greifswald, mji mdogo wa pwani ya Baltiki uliokuwa Ujerumani Mashariki. Mji ule ulikuwa na jadi ya umeme ndani ya gesi. Rudolf Seeliger, aliyeijenga fani hiyo pale, alifariki mwaka 1965, kabla sijafika, lakini waalimu walikuwa bado wakimtaja kila wiki. Mrija kama wako ulikuwa juu ya meza yangu muda wa miezi saba.

Fundi yuko sahihi, na alilolieleza kuhusu plagi lilipimwa na Friedrich Paschen mwaka 1889: volti za kuipasua gesi hufuata mgandamizo wake ukiuzidisha kwa upana wa mwanya. Kwa mwanya wako wa milimita 1.5 katika hewa ya kawaida unahitaji kama kilovolti 6. Transfoma yako inazo, hata baada ya kioo kuchukua sehemu yake. Kwa hiyo umeme unapasua. Nyuzi zile za zambarau ndizo ushahidi, na rangi yake ni ya nitrojeni ya hewa.

Ufahamu kwanza kwa nini kioo kipo. Bila ya kioo, mpasuko wa kwanza ungejivutia umeme wote, ukawa tao moja la moto kama la fundi wa kuchomelea, lenye joto la maelfu ya nyuzi, na ozoni isingebakia. Kioo kinakataa. Kila uzi ukianza, chaji inajikusanya juu ya kioo pale pale na kuuzima, katika makumi ya nanosekunde tu (nanosekunde ni sekunde moja ukiigawa kwa bilioni). Unaanza mwengine pembeni. Elektroni ndani ya uzi zinachemka, lakini hewa yenyewe haipati muda wa kupata moto, ndiyo maana unaweza kuugusa mrija kwa nje baada ya kuzima ukauona vuguvugu tu. Gesi iliyopasuliwa na umeme huitwa plazma, na hii wanaiita plazma baridi. Jina plazma lilitolewa na Irving Langmuir mwaka 1928. (Na mji ule ule wa Greifswald sasa una Wendelstein 7-X, mashine iliyowasha plazma yake ya kwanza Desemba 2015, ya joto la kama nyuzi milioni moja. Ndugu wa mrija wako, wa upande wa pili kabisa wa ukoo.)

Elektroni zile zinagonga molekuli ya oksijeni, inakatika vipande viwili. Kipande kimoja kikikutana na oksijeni nyengine nzima kinajishikiza, hiyo ndiyo ozoni. Haya yote yanataka hewa kavu.

Sasa nakuja kwenye kiyoyozi, mwanangu. Wewe umekitaja kwa ajili ya joto. Mimi nilipokisoma nilisimama. Kiyoyozi kinapoza chumba, na pia kinakamua maji kutoka hewani. Ule mpira unaodondosha maji nje ya ukuta, hayo ni maji yaliyokuwa ndani ya hewa yako. Februari ulikuwa ukiulisha mrija hewa iliyokamuliwa. Aprili unaulisha hewa ya masika. Hewa ya nyuzi 27 iliyoshiba maji hubeba karibu gramu 26 katika kila mita ya ujazo. Katika dakika 10 unapitisha lita 20, maana yake nusu gramu ya maji, kwa ajili ya kupata miligramu chache za ozoni. Mililita moja ya thiosalfeti yako ni miligramu 0.24 za ozoni. Mililita 24 ni kama miligramu 5.8, na mililita 7 ni 1.7. Maji unayoyapitisha yanaizidi ozoni mara mia kadhaa.

Maji hayo yanafanya ubaya mara mbili. Yanalowesha uso wa kioo, chaji inatawanyika badala ya kukaa mahala pake, hilo fundi amelipata. Na yanaharibu kemia: molekuli ya maji ikigongwa hutoa vipande vinavyoila ozoni, na nitrojeni iliyoungua ikikutana na maji inakuwa asidi ya nitriki. Utando wa kijani juu ya shaba yako ndio huo. Asidi inakula shaba. Nilipousoma mstari ule nilijua mrija wako umeshiba maji kabla hujasema lolote jengine. Mpira uliopasuka ni jambo jengine: ozoni huukata mpira wa asili, hata katika maabara kavu. Tafuta mpira wa silikoni.

Pia, gesi za nitrojeni nazo hugeuza iodidi kuwa buluu. Kwa hiyo katika zile 7 zako, nyengine si ozoni. Yeyusha iodidi yako katika maji yaliyosawazishwa yasiwe na ukali wa asidi, utapata hesabu ya kuaminika zaidi.

Fanya hivi. Chukua chupa pana, ijaze silika jeli (punje za kufyonza unyevu), hewa ya pampu ipite humo kabla ya kuingia kwenye mrija. Nunua ile ya buluu, ikishiba inageuka waridi, unaioka kwenye joto la nyuzi 120 inarudi buluu. Mitambo mikubwa ya maji hukausha hewa mpaka isifanye umande hadi ipozwe kufika nyuzi 60 chini ya sifuri. Hutafika huko, na huhitaji kufika. Badilisha kile kiungo cha shaba, weka cha chuma kisichoshika kutu.

Na kama maabara yenu ina osiloskopu (chombo kinachochora volti kwenye skrini), unga kapasita, yaani kifaa cha kuhifadhi chaji, baina ya karatasi ya alumini na ardhi. Volti za mrija zipeleke upande wa mlalo kwa kutumia kigawanyi (kifaa cha kupunguza volti kabla ya kupima) kilichotengenezwa kwa volti kubwa, usitumie kipimo cha kawaida, na volti za kapasita upande wa wima. Utaona umbo la msambamba uliolala. Eneo lake, ukilizidisha kwa thamani ya kapasita, ndilo umeme unaoliwa na hewa katika kila mzunguko; mizunguko ni 50 kwa sekunde, zidisha kwa 50 unapata wati. Nilipoliona mara ya kwanza Greifswald nilimwita mwenzangu kutoka chumba cha pili. Ukilipima kwa hewa nyevu na kwa hewa kavu utajua wewe mwenyewe: kama wati ni zile zile na ozoni imepungua, kosa ni la hewa, si la transfoma.

Suali lako la Micheweni nitalijibu kesho, linataka utulivu.

---

KijanaWaNgambo

Maalim, na sisi tusiokuwa na transfoma ya neoni, ile ya tanuri la maikrowevu inafaa? Ninayo moja.

---

MaalimBububu

Haifai. Irudishe ulikoitoa. Ile inatoa kama volti 2,000 na mkondo mkubwa wa kutosha kuua mtu kwa mguso mmoja, na volti zenyewe ni chache hata kwa mwanya wa milimita 1. Hata hii ya mwanangu ya miliampia 30 inaweza kusimamisha moyo. Awe na swichi ya kukata umeme iliyo mbali na meza, waya wa ardhi ulioungwa kweli kweli, na fimbo ya kumwagia chaji kabla ya kugusa. Mkono mmoja uwe mfukoni. Mtu wa pili awepo.

---

FundiMashine_Mkoani

Namuunga mkono Maalim. Kijana, sikiliza.

---

MuuguziChake

Naomba kuongeza la afya. Dada, umesema madirisha yako wazi. Yawache wazi. Ozoni ikizidi sehemu 0.1 katika milioni ya hewa mnayovuta siku nzima ya kazi, kifua kinaanza kulalamika: kikohozi, kubanwa, macho kuwasha. Pua huinusa mapema sana, lakini ukikaa nayo pua inazoea na unadhani imeondoka. Ukisikia kichwa kinagonga jioni, usidhani ni uchovu tu. Itolee nje kwa mpira mrefu.

Na Maalim, nimesikia plazma baridi inatumika kwa vidonda. Sisi wodini tuna wagonjwa wa sukari wenye vidonda vya miguu visivyofunga miezi na miezi. Ni kweli?

---

MaalimBububu

Ni kweli, muuguzi. Kuna chombo kama kalamu, kinapuliza gesi ya agoni iliyopitishwa kwenye umeme, kimetokana na kazi za Greifswald hiyo hiyo, na Ujerumani kinatumika rasmi kwa vidonda sugu. Kinaua vijidudu juu ya kidonda bila ya kuunguza nyama. Lakini mguu wa mgonjwa wa sukari unataka sukari ishushwe, kidonda kisafishwe, mguu upumzishwe. Kalamu ile huja juu ya hayo. Na mrija wa ozoni wa maabara usikaribie mgonjwa hata siku moja, ni kitu chengine kabisa.

Sasa Micheweni.

Mwanangu, umeandika neno moja mwanzoni ukalipita: chumvichumvi. Kisima cha maweni karibu na pwani, chumvi yake ni ya bahari. Maji ya bahari yana bromidi, chumvi ya bromini, kama miligramu 65 kwa lita. Asilimia 2 tu ya bahari ikiingia kisimani, ulimi unaonja, na bromidi inakuwa zaidi ya miligramu 1 kwa lita. Ukiyapitishia ozoni, bromidi inapanda ngazi, mwisho wake ni bromati. Shirika la Afya Duniani linaishuku kuwa inaleta saratani, na limeweka mpaka wa mikrogramu 10 kwa lita. Katika maji kama hayo utaupita mpaka huo kwa urahisi, na bromati haina ladha wala harufu, wala haiondoki kwa kuchemsha. Buluu ya wanga wa muhogo haitakwambia.

Kuna la pili. Ozoni katika maji ya joto letu haikai, ni dakika chache imeshaondoka. Bibi akishateka na kuweka kwenye mtungi, mtoto akachovya kikombe, hakuna kitu kilichobaki kumlinda. Klorini inabaki. Maji yakiwa na miligramu 0.5 za klorini huru kwa lita baada ya nusu saa, yanamlinda mpaka yanywewe. Klorini nayo hufanya vitu vyake ikikutana na bromidi, nalijua hilo, lakini kipindupindu kinaua mtoto kwa siku moja, na hilo ndilo la kuliwekea uzito.

Kwa hiyo mrija usiende Micheweni. Nimelisema moja kwa moja kwa sababu najua ulivyoupenda.

Lakini usiuvunje. Nitakwambia nilichokuwa nikikifikiri usiku. Ile asidi ya nitriki iliyoharibu shaba yako, kuna watu waliitafuta kwa makusudi. Norwei, mwaka 1903, Kristian Birkeland na Sam Eyde waliwasha tao la umeme, wakalitandaza kwa sumaku likawa duara kama sinia, wakapuliza hewa ndani yake, nitrojeni ikaungua, wakapata asidi na kutoka humo mbolea. Mwaka 1905 kiwanda kilianza Notodden, kwa umeme wa maporomoko. Baadaye njia ya Haber na Bosch iliishinda, kwa sababu ya tao kula umeme mwingi mno. Radi inafanya kazi ile ile juu ya mashamba yetu kila masika bila ya kutudai yuniti.

Chukua maji ya mvua, hayana bromidi ya kukusumbua. Ulishe mrija hewa nyevu, ile ile mbovu ya Aprili, upitishe kwenye maji hayo saa nzima. Pima ukali wake na naitreti yake kwa karatasi za kupimia. Halafu panda mchicha katika makopo, nusu uyamwagilie maji hayo, nusu maji ya mvua matupu. Hayo wanafunzi wako watayafahamu kuliko michoro yangu yote ya ubaoni. Mbolea ya kuuza hutapata kwa transfoma ya bango, lakini utakuwa unayajua maji yako.

---

BintiMicheweni

Maalim, nilichelewa kujibu. Niliposoma habari ya bromati nilifunga simu, nikaenda kukaa ufukweni. Miezi mitano nimekuwa nikimuona bibi, kichwani mwangu, akiteka maji yaliyosafishwa na mrija ule. Nilishamwambia hata mahala pa kuuweka, chini ya baraza, penye kivuli.

Halafu nikarudi kazini.

Silika jeli niliipata kwa duka linalouza vifaa vya maabara, robo kilo, nimeitia kwenye chupa ya jemu niliyoitoboa kifuniko. Kiungo cha shaba nimekitoa. Mpira nimeweka wa silikoni. Iodidi nimeisawazisha kama ulivyosema. Majibu ni haya: mililita 38. Nikarudia, 37. Nikarudia tena mbele ya mwenzangu, 38. Hiyo ni zaidi ya miligramu 9, na Februari nilidhani 5.8 ndiyo afya ya mrija wangu! Kumbe hata wakati wa kiyoyozi ulikuwa unapumua maji.

Msambamba nao tumeupata, kigawanyi tuliazima idara ya umeme. Kwa hewa kavu, karibu wati 5. Kwa hewa ya dirishani, baada ya kusafisha ncha, karibu wati 5. Ni zile zile. Transfoma haina kosa. Nimehesabu, inakuja kama gramu 11 za ozoni kwa yuniti moja ya umeme, wakati hesabu ya kinadharia inafika gramu 1,200 hivi. Kilichobaki kinaishia joto. Sasa nataka kuupoza mrija kwa maji kwa nje nione inapanda kiasi gani, karatasi ya alumini nikiitoa maji yenyewe yawe ndiyo ardhi.

Muuguzi, mpira wa kutolea sasa unapita dirishani mpaka juu ya paa. Kichwa cha jioni kimeondoka, wala sikuwa najua kwamba ninacho.

Kwa bibi nimeamua hivi. Nimeshanunua tangi la lita 1,000, mjomba atalifunga chini ya mfereji wa bati kabla mvua hazijaisha. Klorini nimempelekea na kijiko cha kupimia, na mtoto wa jirani anayesoma fomu ya pili nimemfundisha kwa simu namna ya kutumia zile karatasi za kupimia klorini. Kisima kitabaki cha kufulia.

Na mchicha nimeupanda Jumatatu, makopo 12. Maji ya mrija baada ya saa moja yamekuwa makali, karatasi inaonyesha pH ya 3 na kitu (chini ya 7 ni asidi), kwa hiyo nayapunguza kwa maji ya mvua kabla ya kumwagilia, nisije nikaichoma mizizi. Karatasi ya naitreti ilibadilika rangi palepale. Niliinua juu nikawaonyesha wanafunzi waliokuwa wanapita.

Fundi, Alkhamisi nasafiri na boti ya asubuhi. Nikishuka Mkoani nitakutafuta, nakuletea kifuko cha silika jeli. Ukiweka ndani ya kisanduku unachohifadhia koili na plagi zako, ikigeuka waridi ikaange kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, mpaka irudi buluu, lakini kikaango hicho kisirudi tena jikoni.

---

FundiMashine_Mkoani

Niko karibu na gati, upande wa wavuvi, uliza kwa fundi wa mashine utaonyeshwa. Karibu sana dada. Njoo na ile picha ya msambamba, nataka kuiona.